Daftari la Chupa

Nilipewa meza yenye mguu mmoja mfupi,
kalamu mbili, na swali la mkuu wa idara:
"Sheria ya kukataza chupa za plastiki
itatugharimu kiasi gani?"
Nikaliandika juu ya ukurasa, nikalipigia mstari.
Chini yake, kwa mwandiko mdogo, nikaongeza:
na kukaa bila sheria, je?

Nikashuka Ruzizi, penye bwawa.
Fundi Zihalirwa alikuwa na maji kiunoni,
akizoa kwa reki kama mtu apakuaye ugali wa msiba:
chupa za soda, ndala za mguu mmoja,
mwanasesere asiye na kichwa.
"Leo mashine tumezizima kwa saa tatu," alisema.
"Jana nne. Juzi usiniulize."
Nikaandika tatu. Nikaandika nne.
Juzi nikaiachia nafasi.

Zile saa tatu nikazifuata mjini.
Nilizikuta Kadutu, kwa kinyozi Mushagalusa,
mteja ana nusu ya kichwa na hasira nzima.
Nilizikuta kwenye kinu, mihogo ikingoja kusagwa
na akina mama wakiingoja mihogo.
Nilizikuta wodi ya wazazi: lita sita za petroli,
na muuguzi akiniambia, bila kuinua macho,
"Mtoto hasubiri umeme wa Leta."
Kwa M'Cibalonza nilizinusa kabla ya kubisha hodi:
sambaza kilo ishirini, ndani ya friji iliyonyamaza.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na hasara bila daftari?
Hiyo haipotei.
Inahamia tu kwa jirani wa chini ya mlima.

Kumbe marufuku ilikuwapo, ya miaka ya nyuma,
ina muhuri, ina sahihi, ina tai.
Pale Nyawera ina hata bei:
franga mia tano kwa askari, kila Jumatatu.
Niliiingiza kwenye safu ya mapato,
kisha nikakaa nayo muda mrefu nikijiuliza: ya nani?

Nshokano anauza maji baridi barabarani.
Ana miaka kumi na minne, na wadogo wawili shuleni.
Akalitazama daftari langu, akasema,
"Ukikataza chupa, dada, jioni tutapika hiyo karatasi?"
Usiku ule nilifuta hesabu yote ya safu ya pili
nikaanza upya, naye akiwa ndani.

Nikapendekeza hivi: tusikataze.
Kila chupa iuzwe na franga hamsini juu yake,
na anayeirudisha, arudishiwe.
Nimeishi Bukavu tangu kuzaliwa.
Nimeona watu wakitupa majivu, maganda, hata godoro,
vyote vikateremka na mto Kawa hadi ziwani.
Sijaona mtu akitupa franga hamsini.

Ikabaki safu ya saba: thamani ya ziwa lenyewe.
Kitabu cha chuo kinasema, waulize watu
wangelipa kiasi gani ili liwe safi.
Nikamwuliza mama mmoja afuaye nguo Muhungu.
Akakamua shuka, polepole, hadi tone la mwisho.
"Nimlipe nani?" akasema. "Nani ameliuza?"
Hakuna kikokotoo chenye kitufe cha jibu hilo.
Nimelinakili kama lilivyo, kwa wino,
katikati ya tarakimu.

Mkuu alipokea kurasa arobaini, akaomba moja.
Nikampa moja. Akavaa miwani,
akafika mstari wa tatu, kuhusu saa za giza,
taa ikazimika.
Tulisikia chini yetu mashine za taipu zikitulia,
mtu akicheka, mtu akitukana kwa Mashi.
Akawasha tochi ya simu.
Hakusaini. Ila alisema, "Andika na hii."

Nikaandika:
idara, dakika hamsini na tano,
wafanyakazi kumi na mmoja,
mmoja anasoma.